Dishi ni la Mwenye Nyumba, si la Fundi

UKIPANDA juu ya nyumba yoyote ya ghorofa mbili tatu hapa Mombasa, iwe Majengo, iwe Bondeni, iwe Kibokoni, utaona bahari upande mmoja na madishi pande zote. Yapo yale makubwa ya futi sita na nane, ya wavu uliotobokatoboka kama chekecheke, mengine yameliwa na kutu tangu miaka ya 1990. Yapo na madogo ya kampuni za kulipia, kila moja na rangi yake. Na ukiyatazama vizuri utaona kuwa hayakuelekea pamoja. Hili latazama magharibi, hili mashariki, na lile limeinamisha uso kama lililofiwa. Muulize mwenye nyumba dishi lake laelekea wapi, na kwa nini likaelekea huko. Aghalabu jawabu lake ni moja tu: "Hayo muulize fundi."

Jawabu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Maoni yangu ni kuwa dishi la kupokea televisheni za bure ni kitu chema katika nyumba ya Kiislamu ya pwani, na pengine chema kuliko lile la kulipia. Lakini halifai kuachiwa mtu asiyelala nyumba hiyo. Fundi na apande juu, apige misumari, avute waya na alipwe haki yake. Ama setilaiti gani itazamwe, idhaa zipi zibakie na zipi zifutwe, hayo ni ya baba na mama wa nyumba, wala si ya kumkabidhi kijana aliyekuja na mkoba wa bisibisi na ambaye saa kumi ana kazi nyingine Likoni.

Kwanza tufahamiane juu ya neno bure. Huko juu angani zimo idhaa ambazo wenyewe wamezirusha wazi, hazina kufuli, ili kila mwenye chombo azione. Nyingi ni za serikali, nyingine za dini, nyingine za biashara zinazoishi kwa matangazo. Wewe wanunua dishi, kile kichwa kikaacho mbele yake ambacho mafundi hukiita LNB, waya, na kisanduku cha kupokelea, basi. Mwezi ukiisha hapana mtu wa kukudai. Kwa bibi mjane aliyeachiwa nyumba na pensheni ya bandarini, au kwa mzee ambaye watoto wake wako Jeddah na Muscat wakikumbuka kutuma na wakisahau, hilo si jambo dogo. Nimeona nyumba ambazo televisheni ni sanduku jeusi kuanzia tarehe 10 hadi mwisho wa mwezi kwa sababu malipo yamekwisha.

Wako watakaoniambia, "Bwana, umelala, siku hizi kila kitu ki kwenye simu." Ni kweli kimo. Lakini simu yala fedha kila unapoitazama, na zaidi ya hayo simu ni ya mtu mmoja. Kila mtoto ameinamia yake pembeni, na mzazi hajui anaona nini. Televisheni iko ukumbini, mbele ya macho ya nyumba nzima. Bibi akikohoa, kijana hubadilisha.

Tena sisi watu wa pwani si wageni wa mambo yatokayo angani. Mwaka 1954 Redio Cairo ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili, watu wa Mvita, Lamu na Unguja walijaa katika mikahawa kuisikiliza, na wakoloni wakakereka kweli kweli. Mombasa yenyewe katika miaka hiyo ilikuwa na Sauti ya Mvita, na mwaka 1957 BBC nayo ikaingia kwa Kiswahili. Televisheni ilifika Kenya mwaka 1962. Na setilaiti nazo, ambazo wengi wetu twadhani ni mambo ya Ulaya tu, zimerushwa hapa jirani yetu. Kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, Waitaliano walirusha ya kwao mwaka 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 Wamarekani wakarusha kutoka hapo hapo setilaiti ya kuchunguza nyota wakaiita Uhuru, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Wavuvi wa Ngomeni waliyaona haya kwa macho yao zamani kabla wengi wetu hatujajua dishi ni nini.

Waarabu walikuja baadaye kidogo. Jumuiya yao iliunda shirika la Arabsat mwaka 1976, na setilaiti ya kwanza ikaruka Februari 1985. Ya pili ilipelekwa Juni mwaka huo huo na chombo cha Wamarekani, na ndani yake alikuwamo Sultan bin Salman wa Saudia, Mwislamu wa kwanza kufika angani, katika siku za mwisho za Ramadhani. Kutokana na mwanzo huo ndipo zilipotoka setilaiti za Badr ambazo watu wetu wengi huzitafuta kwa ajili ya idhaa mbili: ile ya Qurani inayoonyesha Msikiti Mtukufu wa Makka usiku na mchana, na ile ya Sunna inayoonyesha msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie, kule Madina.

Kibla na dishi

Setilaiti za namna hii hukaa juu ya mstari wa ikweta, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini, na huzunguka sawa na dunia. Ndiyo maana kwetu huonekana kama zimesimama mahali pamoja, nawe waweza kulifunga dishi ukaliacha miaka. Kila moja hutajwa kwa digrii zake. Zile Badr ziko digrii 26 mashariki. Mombasa yetu iko karibu digrii 40. Basi mtu asiye fundi aweza kukisia mwenyewe: setilaiti yenye hesabu ndogo kuliko 40 iko upande wetu wa magharibi, yenye hesabu kubwa iko mashariki.

Na hapa Mwislamu wa Mombasa ana bahati ambayo wengine hawana. Mtu wa London ataka dira ili ajue kaskazini. Sisi twajua tangu utotoni, kwa kuwa Makka iko kaskazini yetu barabara. Tofauti ya mstari wa Makka na wa Mombasa haifiki hata robo ya digrii. Ndiyo maana wazee wetu wengi husema "kibla" wakikusudia kaskazini. Simama juu ya paa lako ukaelekea kibla: mkono wako wa kushoto ni magharibi, wa kulia ni mashariki. Ile ya digrii 26 itakuwa kushoto kwako, kidogo kuelekea mbele, lakini juu sana, digrii 73 kutoka upeo wa macho, yaani inakaribia utosini.

Anayetaka kuhakikisha kibla cha nyumba yake, jua litamsaidia mara mbili kwa mwaka. Kwenye tarehe 28 Mei saa sita na dakika 18 mchana, na tarehe 16 Julai saa sita na dakika 27, jua husimama juu ya Al-Kaaba yenyewe. Saa zetu na za Saudia ni moja, basi hapana hesabu ya kufanya. Simamisha kijiti kilichonyooka. Kivuli chake kitaangukia kusini, na kinyume cha kivuli ndicho kibla. Piga mstari wa chaki sakafuni. Mstari huo utakufaa kwa swala na utakufaa kwa dishi.

Yako mambo mengine ya ufundi ambayo mwenye nyumba yafaa ayajue, ili asidanganywe. La kwanza ni ukubwa. Mtu akija kutoka Jeddah atakwambia dishi lake ni la sentimita 60 na picha ni safi. Huyo yuko katikati ya mwanga wa setilaiti. Sisi tuko ukingoni. Miale ya zile za Badr imeelekezwa Bara Arabu na Afrika ya Kaskazini, nayo hufifia kadiri inavyoshuka kusini. Lile la Jeddah halitoshi huku. Kisha kuna mawimbi ya namna mbili. Yale ya C yaenea mbali wala hayaogopi mvua sana, lakini yataka dishi kubwa la futi sita au zaidi. Yale ya Ku hutosheka na dishi dogo penye nguvu, illa mvua ya masika ikipiga kwa nguvu, picha hukatikakatika. Kwa hivyo swali la kwanza dukani si "dishi bei gani?" bali ni "setilaiti hii hushikwa na dishi la ukubwa gani hapa Mombasa?" Na jawabu la kuaminika zaidi si la mwenye duka. Ni la jirani ambaye tayari anaipata.

La pili ni kile kichwa. Vitabu vinavyokuja ndani ya sanduku vimeandikiwa watu wa Ulaya, na kwao kichwa huzungushwa kidogo tu. Sisi tulio karibu na ikweta twahitaji kukizungusha mno. Kwa ile ya digrii 26 ni kama digrii 73, karibu robo duara kamili. Nimemwona fundi ameganda juani saa nzima akisogeza dishi huku na huku, na dishi limekwisha kukaa sawa zamani. Kilichokosea ni kichwa. Tena zile za duara refu, ambazo kichwa chake kimewekwa chini kando, hudanganya macho: zaonekana kutazama chini kuliko zinakotazama kweli.

La tatu ni subira. Katika dishi la sentimita 90, ukiusogeza ukingo kwa upana wa ukucha, umehama digrii moja, na digrii moja huko juu ni zaidi ya kilomita 600. Ndiyo maana parafujo hukazwa pole pole, huku mtu mwingine yuko chini akitazama kipimo na kuita. Na ikazwe kweli, kwa sababu kusi likikaza mwezi wa Juni na Julai, dishi lililofungwa kwa haraka litatazama Bara Hindi kabla ya asubuhi.

Adui wetu mkubwa hata hivyo si upepo. Ni chumvi. Chuma cha kawaida karibu na bahari hakimalizi miaka mingi. Aliyeweza na anunue nguzo na misumari isiyoshika kutu, na maungio ya waya ayafunge kwa mpira wa kuzuia maji, kisha waya uachiwe kitanzi kuning'inia kabla haujaingia ndani, maji ya mvua yadondoke hapo yasifuate waya mpaka kwenye chombo. Dishi kubwa la bati zima, kwa vile huku kwetu hulala karibu chali, hukinga maji kama sinia. Litobolewe tundu dogo chini. Kunguru nao, tumeshawazoea, hawana dawa.

Kuna na jambo la adabu, nami nalitaja kwa kuwa vijana wengi wa kazi hii hawakulelewa katika mitaa yetu. Nyumba zetu za kale zimejengwa kwa sitara. Uani ndiko wanawake wanakofulia, wanakopikia, wanakokaa bila mtandio. Mtu akipanda juu ya paa la jirani, ua wote wa nyumba tatu nne u wazi mbele yake. Basi fundi na apige hodi, na mwenye nyumba atume mtoto kwa majirani awaambie kuna mtu anapanda juu. Ukutani nako, hasa katika Mji wa Kale, si mahali pa kutundika dishi juu ya mlango wa nakshi. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, msumari mrefu hazishiki, zamomonyoka tu. Lamu imeingizwa katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 2001, si kwa ajili ya madishi yake. Nyuma ya ukuta mfupi wa paani pana nafasi ya kutosha, wala setilaiti haitaona tofauti.

Idhaa mia tatu

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Siku moja nilikuwa kwa jamaa yangu, bibi mtu mzima, mjane, asiyetoka sana kwa sababu ya miguu. Alikuwa ameweka dishi kwa fedha alizodunduliza, na haja yake ilikuwa moja. Fundi alimaliza, akashuka akijifuta jasho, akasema kwa furaha:

"Bibi, nimekuingizia idhaa mia tatu na zaidi!"

"Ahsante mwanangu. Na Makka ni ya ngapi?"

Kijana akaanza kubonyeza. Akapita soko la vyombo vya jikoni, akapita waimbaji, akapita mtu mwenye kilemba akiuza dawa ya kila maradhi, akapita mapadri, akapita mashekhe wawili wa madhehebu mbalimbali wakilaaniana kwa Kiarabu, akapita wanawake ambao bibi alipowaona alisema "Astaghfirullah" akageuza uso. Makka ilikuwa ya mia mbili na kumi na kitu. Bibi huyu hajui kusoma tarakimu za Kizungu vizuri, na kidude kile kina vitufe arobaini. Fundi angeondoka hivyo angemwachia bahari asiyoweza kuiogelea.

Tulimkalisha kitako. Kazi ya kupanga ilichukua nusu saa tu: Makka ikawekwa ya kwanza, Madina ya pili, kisha habari, kisha mbili tatu za watoto, na zilizobaki zikafutwa au zikafungwa kwa namba ya siri. Ziko ndani ya kila kisanduku njia za kufanya hivi, hazihitaji elimu kubwa. Lakini hapana fundi atakayezifanya asipoambiwa, kwa sababu kwake yeye wingi ndio ustadi. Na kisanduku kikitafuta chenyewe, hukusanya kila kitu kilichomo angani, chema na kiovu, kwa mpangilio wa mawimbi, si wa akili.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wazee wangu wanaosema dishi lote ni haramu, litupwe. Na natofautiana vile vile na wale wanaosema watoto wataamua wenyewe. Mlango wa nyumba una komeo si kwa kuwa wageni wote ni wevi.

Liko na jambo jingine la bure ambalo si bure. Mafundi wengine watakunong'oneza kuwa kisanduku hicho hicho, kikiunganishwa kwa intaneti na mtambo wa mtu fulani, hufungua kufuli za kampuni za kulipia, ukaona mpira wa Uingereza kwa malipo kidogo ya mwezi. Vijana hulifurahia sana. Mimi nasema wazi kuwa hiyo si televisheni ya bure, ni mali ya watu iliyofunguliwa kwa ufunguo wa kuiba, na ya ajabu zaidi ni kuwa mtu hutumia dishi hilo hilo kutazama tawafu. Anayetaka mpira na aseme kweli kuwa idhaa za wazi huuonyesha kwa nadra, kisha alipie, au aende akautazame mkahawani.

Adhana ya Makka si adhana ya Mvita

Picha ya Makka ikishaingia ukumbini, huja na mambo ambayo wengi hawakuyafikiria. Adhuhuri yao na yetu hulingana karibu sawa, kwa kuwa tuko kwenye mstari mmoja. Mtu akiona hivyo kwa siku kadhaa hudhani nyakati zote ni hivyo. Sivyo. Mwezi wa Desemba jua la Makka huchwa yapata saa kumi na mbili kasorobo, na la Mombasa saa kumi na mbili na nusu. Mwenye kufuturu kwa adhana ya televisheni katika Ramadhani ya Desemba, kama ilivyokuwa mwaka 1999 na itakavyorudi inshallah mwishoni mwa 2030, atakuwa amekula mchana dakika 45 kabla ya wakati. Mwezi wa Juni mambo hugeuka, wao ndio wanaochelewa. Ramadhani ya 2026 iliyoanza Februari, tofauti ilikuwa kama dakika 20 siku za mwanzo. Si nyingi, lakini saumu haina dakika za kusamehe. Nimeona nyumba ambamo watoto wamezoea kunyoosha mkono kwenye tende mara tu wasikiapo sauti ya mwadhini wa Haram, na hapana aliyewaambia kitu.

Na tarawehe. Kule Makka isha katika Ramadhani husogezwa mpaka saa mbili kamili baada ya magharibi, na siku nyingine ni saa moja na nusu. Misikiti yetu huwa imekwenda mbali katika tarawehe wao wanapoanza. Wako akina mama ambao kwa mapenzi hutandika mswala mbele ya televisheni wakamfuata imamu wa Haram. Mimi si mwanachuoni wala sitoi fatwa, lakini wanavyuoni wengi wamekwisha kusema kuwa kumfuata imamu kwa redio au televisheni hakusihi, kwa kuwa safu hazikuungana. Kusikiliza ni jambo jema sana. Kusali nyuma ya kioo ni jambo jingine, na mama zetu wana haki ya kuelezwa na mashekhe wao kwa upole, badala ya kuchekwa.

Sitauingia mgogoro wa mwezi, maana ukurasa huu hautatosha. Nasema tu kwamba zamani, mtu wa Mombasa alijua siku ya Arafa kwa kuandama kwa mwezi wake na tangazo la kadhi wake. Siku hizi anawaona mahujaji wamesimama Arafa kwa macho yake mwenyewe, naye kwa hesabu ya hapa bado ni mwezi nane. Baba afunga leo, mwana kesho, nao wakaa chumba kimoja wakitazama kioo kimoja. Dishi halikuzua hitilafu hii, ilikuwako kabla yake, lakini limeileta mpaka mezani. Nyumba ambayo wakubwa wake hawakukaa wakazungumza kwanza, kioo ndicho kitakachokuwa kadhi wao.

Lugha yetu iko wapi?

Nimetaja Redio Cairo ya 1954. Watu waliipenda kwa mengi, lakini la kwanza lilikuwa kwamba ilisema nao kwa Kiswahili. Mchukuzi wa bandarini aliyekuwa hajui herufi alifahamu kila neno. Sasa fungua dishi la bure la leo. Utasikia Kiarabu cha kila nchi, Kiurdu, Kiingereza, michezo ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiarabu. Kiswahili chetu ukikipata ni kidogo, na mawaidha ya Kiswahili chenye ladha ya huku ni kidogo zaidi. Yule bibi niliyemtaja hutazama Makka kutwa, macho yake hujaa machozi imamu anapofika aya za rehema. Lakini hafahamu anachosoma, wala hotuba ya Ijumaa haifahamu. Picha anayo. Maana hana.

Na maana iko hapa hapa, hatua mia kutoka mlangoni kwake. Kila Ramadhani misikiti yetu hufasiri Qurani kwa Kiswahili baada ya alasiri, darsa ambazo mashekhe wakubwa wa pwani wamezishika kizazi baada ya kizazi. Sheikh Al-Amin Mazrui alikwisha kuona katika miaka ya 1930 kwamba Mswahili aandikiwe mambo ya dini kwa lugha yake, akachapisha magazeti yake hapa Mombasa kwa fedha chache na nguvu nyingi. Sheikh Abdulla Saleh Farsy aliifasiri Qurani nzima kwa Kiswahili. Hawa hawakungoja Cairo wala Makka iwasemee.

Najua kurusha idhaa kwenye setilaiti ni gharama, na idhaa nzima ya saa 24 huenda ikawa ndoto kwa sasa. Lakini idhaa nyingi za dini hununua au hugawiana saa. Saa moja kila alasiri ya Ramadhani, darsa ya Kiswahili kutoka Mvita, Lamu au Malindi, ingemfikia mgonjwa kitandani Kwale, na mabaharia wetu, na watoto wa pwani walioko Ghuba ambao lugha inawatoka kidogo kidogo. Kamera moja tayari imo misikitini. Vijana hunasa darsa kwa simu kila siku. Mawakfu yetu yana nyumba za kupangisha na yana wadhamini. Ningependa kusikia kutoka kwao, na kutoka kwa wenye madrasa, kama jambo hili limewahi kupigiwa hesabu, na kama limepigiwa, ni shilingi ngapi zilizokosekana.